Mlo wa Clitheroe

Somo la wiki: Mwanzo 13:5–9

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimemkumbuka mtu ambaye wengi wetu tumepanda gari la kampuni yake bila kulijua jina lake: Spencer Wilks wa Rover, Uingereza. Alisomea sheria, si ufundi. Aliingia Rover mwaka 1929, kampuni ikiwa hoi, na mwaka 1933 akawa mkurugenzi mtendaji. Namna alivyoiinua ni habari ndefu. Mimi nimekwama kwenye mlo wake mmoja.

Mwaka 1940 serikali iliwapa Rover kazi ya kutengeneza injini ya ndege ya jeti aliyoibuni mhandisi Frank Whittle. Kazi ya heshima kubwa! Ila Whittle alitaka michoro yake ifuatwe kama ilivyo, nao mafundi wa Rover, akiwemo Maurice, mdogo wake Wilks, wakairekebisha walivyoona inafaa. Ukazuka ugomvi, kazi ikadorora, na vita haikuwa ikimngoja mtu.

Majira ya baridi, 1942 ikielekea 1943, Wilks alikutana na Ernest Hives wa Rolls-Royce, kampuni ya injini za ndege, katika mji mdogo wa Clitheroe. Wakala pamoja. Hives akamwambia, kwa ufupi: tupe jeti, tukupe kiwanda chetu cha injini za vifaru kule Nottingham. Wilks akakubali, yakaisha mezani.

Simfanyi malaika. Alikuwa amemchoka Whittle, nadhani alifurahi kutua mzigo. Hata Abramu wa somo letu huenda alichoshwa na kelele za wachunga mifugo wake na wa Lutu, mpwa wake. Lakini mkubwa alikuwa yeye, haki ya kuchagua kwanza ilikuwa yake, na akamwachia Lutu bonde lote la Yordani lenye maji, “maana sisi tu ndugu.” Kuchoka tunachoka wote. Kuachia ndiko kunatushinda.

Mwaka 1944 injini ile iliingia vitani ndani ya ndege ya Gloster Meteor, ikiitwa ya Rolls-Royce. Rover wakabaki na vyombo vya kutambaa ardhini. Vita ilipokwisha, Maurice, aliyekuwa na Jeep kuukuu shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, akachora kwenye mchanga wa ufukweni gari la mkulima. Chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi ikawa ya aluminiamu. Lilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, likidhaniwa la kuzibia pengo tu kwa miaka michache. Ndiyo landrova hiyo, iliyobeba padre, mama mjamzito na magunia ya mahindi kwa safari moja, na ikizama matopeni padre mwenyewe anashuka kusukuma. Sisemi Mungu alimlipa Wilks kwa ule mlo. Sijui hesabu zake.

Najua za kwangu. Huu ni mwezi wa tatu tangu tumchague mtunza stoo mpya wa kanisa, na funguo bado ziko kwangu, kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Kila Jumapili nina sababu: hajui idadi ya viti, lile kufuli lazima uliinue kidogo ndipo lifunguke. Kijana ni mwerevu, angejifunza kwa dakika tano. Leo alfajiri nimezitoa msumarini nikaziweka ndani ya Biblia, hapo hapo Mwanzo 13, ili nisizisahau nikienda ibadani. Biblia haifungiki vizuri.