Gawio la benki linanilipia ada: nilivyoshika CRDB na NMB wakati wenzangu wanawaza magari ya umeme

Nimeulizwa sana kwa simu na inboksi kwa nini nimeshika hisa za benki na sio za magari ya umeme, kwa hiyo naandika mara moja kwa wote. Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa saba, gawio la CRDB na la NMB, yaani sehemu ya faida ambayo benki inawagawia wenye hisa, linakuwa limeshaingia na mi nalipa ada ya mwanangu bila kugusa mtaji wa duka. Nina duka la vifaa vya shule na kutoa kopi hapa Morogoro, sijasoma uhasibu wala sijawahi kukaa ofisi ya benki, ila hesabu za hela naziweza, na ripoti ya benki nimejifunza kuisoma kama ninavyosoma daftari la madeni la duka langu.

Nilianza 2020. Mwaka ule korona imetutisha wote, biashara imelala, na hisa ya CRDB ilikuwa chini ya shilingi 200. Ikumbukwe benki hii iliingia soko la hisa la Dar 2009 ikauzwa 150, kwa hiyo mtu aliyenunua siku ya kwanza alikuwa amekaa zaidi ya miaka kumi na bei iko palepale, na kuna kipindi ilizama hadi chini ya 100. Wengi wakaichukia. Kwenye grupu letu la wawekezaji wadogo, mchanganyiko wa walimu, manesi, wafanyabiashara kama mimi na wastaafu wawili watatu, ukiitaja CRDB unaambiwa hiyo hisa imeganda achana nayo.

Mi nikaangalia mikopo chechefu, yaani ile mikopo ambayo wakopaji wameacha kurejesha. Hicho ndo kitu cha kwanza naangalia mpaka leo kabla hata ya faida, kwa sababu benki inaweza kukuonyesha faida nzuri mwaka huu huku imejaza mikopo mibovu itakayoila mwakani. Ya CRDB ilikuwa inashuka mwaka hadi mwaka na ilishaingia chini ya asilimia 5, kiwango ambacho Benki Kuu inakitaka. Halafu nikaangalia gharama za uendeshaji ukilinganisha na mapato, nayo ilikuwa inateremka. Bei ya hisa imelala lakini benki yenyewe inapona, na hilo lilikuwa limeandikwa wazi kwenye taarifa za kila robo mwaka ambazo benki zote zinatakiwa kuzitangaza gazetini, mtu yeyote anasoma bure.

Basi nikafungua akaunti ya CDS, ile inayotunza hisa zako, kwa dalali wa soko la hisa, nikapeleka kitambulisho cha NIDA na namba ya akaunti ya benki, nikaanza kununua kidogo kidogo kila faida ya duka ikiruhusu. Siku hizi imekuwa rahisi zaidi, kuna aplikesheni ya soko la hisa inaitwa Hisa Kiganjani, unafanya yote kwa simu. Ila jueni kununua na kuuza kuna makato, kwa hela ndogo ndogo zetu hizi ni karibu asilimia 2 kila upande, kwa hiyo mtu wa kununua leo na kuuza wiki ijayo anawafanyia kazi wengine. Mi nanunua niweke.

Sasa angalieni gawio. CRDB ilitoa 22 kwa hisa kwa mwaka 2020, ikaja 36, ikaja 45, ikaja 50, na la mwaka 2024 likawa 65. Chukua hisa 10,000 ambazo 2020 ulizipata kwa chini ya milioni 2, gawio la 65 ni 650,000, serikali inakata asilimia 5 tu kwa sababu kampuni imeorodheshwa sokoni, unabaki na 617,500 mkononi. Hiyo ni karibu theluthi ya hela uliyonunulia, inarudi kwa mwaka mmoja, na hisa bado ni zako. Na benki haijagawa faida yote, imegawa karibu theluthi tu, nyingine imebaki ndani inafanya kazi.

NMB ndo iliyonifundisha uvumilivu zaidi. Bei yake ilikaa 2,340 muda mrefu mpaka watu wakawa hawaangalii tena, kila ukifungua unakuta 2,340, ukiweka oda ya kuuza hupati mnunuzi. Lakini gawio lilikuwa linapanda, 137, halafu 193, halafu 286, halafu 361, na la 2024 ni 428.85. Mtu aliyekuwa anatazama bei peke yake aliona kitu kilichokufa, anayetazama gawio aliona kinakua kila mwaka. Baadaye bei nayo ikaamka yenyewe, na hapo ndo wengi wakakumbuka kwamba NMB ipo.

Nisieleweke kwamba kila benki ni ya kununua, hapana. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji. Ndo maana nasisitiza mikopo chechefu na mtaji, na ndo maana sinunui benki ndogo eti kwa sababu hisa yake ni rahisi.

Haya, magari ya umeme. Mjadala huu grupuni ulianza kuwaka kweli kweli 2021 pale Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, ilipokuwa inatajwa kila siku, na ukarudi kwa nguvu BYD ya China ilipoipita kwa mauzo. Kuna kijana mmoja, fundi simu, mtu makini na anasoma sana, akaniambia, "Dada yangu, hizo benki zako ni hisa za wazee, dunia inahamia kwenye betri." Nikamjibu, "Mdogo wangu, kuhama inahama, nakubali, wewe niambie nani atabaki na faida." Maana hilo ndo lilikuwa swali langu tangu mwanzo mpaka leo.

Kuhusu umeme wenyewe sina ubishi. Sisi wa Moro tunaona treni ya SGR ikipita kwa umeme tangu Juni 2024, bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, Ethiopia imezuia kuingiza magari binafsi ya mafuta, Nairobi mabasi ya umeme yanabeba abiria. Mtu akiniambia miaka ijayo bodaboda na bajaji nyingi zitakuwa za chaji simpingi hata kidogo, ukishamsikia dereva akilalamika bei ya petroli unajua hesabu itaelekea wapi.

Lakini bidhaa kupendwa na mwenye hisa kupata hela ni mambo mawili tofauti, na hapa ndo nilikuwa nabishana na wenzangu mpaka usiku. Tesla tangu iingie sokoni 2010 haijawahi kutoa gawio hata mara moja. Mwaka 2022 hisa yake ilipoteza karibu theluthi mbili ya thamani. Januari 2023 ikapunguza bei za magari Marekani, Ulaya na China, na Wachina nao wakapunguza, sasa vita ya bei inamfurahisha anayenunua gari, anayeumia ni mwenye hisa kwa sababu faida kwa kila gari inaliwa. Robo ya mwisho ya 2023 BYD ikauza magari ya umeme mtupu 526,409 na Tesla 484,507. Mwaka 2024 Tesla ikauza pungufu ya mwaka uliotangulia. Na hao ni wakubwa waliobaki hai. Fisker imefilisika, Lordstown imefilisika, Nikola imefilisika, Northvolt ya Sweden iliyokuwa tegemeo la betri za Ulaya nayo ikafilisika. Wote hao walikuwa na picha nzuri na maneno mazuri, na magari ya umeme kama sekta yalikuwa yanaongezeka mwaka huohuo wanaofilisika.

Wenzangu wakanijibu kwa mfano wa Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, na ni mfano halali kabisa. Kampuni yake Berkshire Hathaway iliweka dola milioni 232 kwenye BYD 2008, ikaanza kuuza 2022 ikiwa imepata mara nyingi ya ilichoweka. Nikawaambia someni vizuri hapo, BYD alianza 1995 kule Shenzhen kama mtengeneza betri, alikuwa na kiwanda kinachoingiza hela kabla hajaunda gari, na Buffett alikaa miaka 14 bila kutikisika bei inapanda na kushuka, je nani kati yetu ana hela ya kukaa miaka 14 asiihitaji huku mtoto anatakiwa shule? Mi hela yangu ina kazi kila mwezi wa saba. Kwa mtu mwenye mshahara mzuri na hana majukumu jibu linaweza kuwa lingine, na yule fundi simu hana mtoto bado, sikumzuia.

Ambacho nilikizuia kwa nguvu zote ni hiki. Mdogo wangu wa kike alinitumia skrinshoti ya aplikesheni moja, eti unawekeza kwenye magari ya umeme yanayokodishwa China, unaweka laki tatu unalipwa kila siku, ukileta watu unaongezewa. Picha za magari mazuri, cheti kina muhuri, na rafiki yake alikuwa ameshatoa hela kweli mara ya kwanza. Alikuwa anataka kuweka mgao wake wote wa kikoba. Sikubishana naye kwa simu, nilifunga duka nikaenda kwake, tukakaa na simu yake tukaanza kutafuta pamoja. Tukaingia kwenye orodha ya waliopewa leseni na CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, jina halipo. Tukatafuta anwani ya ofisi, hakuna. Nikamuuliza gari likikodishwa China hela inafikaje kwako kila siku kiasi kilekile, hata siku ambayo gari halijakodishwa, mbona benki kubwa nchini inakulipa mara moja kwa mwaka na kiasi kinategemea faida? Akanyamaza muda, akasema, "Dada, basi." Haikupita muda mrefu waliokuwa ndani wakaanza kuambiwa walipe kwanza kodi ndo watoe hela zao, na baadaye ikafungwa kabisa. Inaniuma sana hii kwa sababu wanaoumizwa ni akina mama wa vikoba, hela ya kuuza maandazi mwaka mzima inaondoka kwa kubonyeza tu. Jamani gari la umeme ni kitu cha kweli, na matapeli wanapenda kitu cha kweli kwa sababu ni rahisi kukuaminisha.

Sasa niwape ile sehemu ambayo imenifurahisha kuliko zote. Nina shangazi Mahenge, wilaya ya Ulanga, mkoa wetu huuhuu. Nilipoenda kumsalimia, mjomba mmoja pale alinipa jiwe la kijivu linateleza, ukilishika vidole vinakuwa vyeusi vinang'aa, ukilikwaruza kwenye karatasi linaandika. Ni grafaiti, ileile iliyomo ndani ya penseli ninazouza dukani. Na ndo hiyo inayokaa upande mmoja wa betri ya gari la umeme. Betri za BYD hazitumii nikeli wala kobalti, za wengine zinatumia, lakini grafaiti ipo kwenye zote hizo. China ndo inayoshika sehemu kubwa ya usindikaji wake, na Desemba 2023 ilianza kudai vibali kwa anayetaka kuitoa nje, na kampuni ya POSCO ya Korea Kusini nayo imeweka mkono Mahenge. Mradi unaitwa Faru Graphite, serikali yetu ina asilimia 16, nyingine ni ya Black Rock Mining iliyoorodheshwa Australia.

Nilipofuatilia nani amekubali kuukopesha ule mgodi nikakuta taasisi mbili za fedha za maendeleo za Afrika Kusini, DBSA na IDC, pamoja na CRDB. Nilirudia kusoma. Yaani zile hisa za wazee nilizoshika tangu 2020 ziko ndani ya mnyororo wa betri za magari ya umeme, na ziko mahali ninapopapenda, maana mkopeshaji analipwa riba yake kabla mwenye hisa za mgodi hajaona senti. Bei ya grafaiti imekuwa ikiyumba, mwenye hisa za mgodi anayumba nayo, benki ina mkataba na ratiba ya marejesho. Hatari ipo, mgodi ukikwama mkopo unaweza kuwa chechefu, ndo maana kila robo mwaka narudi palepale kwenye ile namba ya kwanza. Ila kwa benki yenye faida ya zaidi ya bilioni 500 kwa mwaka, mkopo mmoja hauwezi kuiangusha.

Niliandika haya grupuni na yule fundi simu alinipigia tukaongea kirefu, akasema hajawahi kuliangalia jambo kwa upande wa anayekopesha. Bado anaiamini BYD na mi namheshimu, ila ameanza kusoma ripoti zake za fedha badala ya video, ananitumia maswali kuhusu deni na faida kwa kila gari, mengine najibu, mengine tunatafuta wote.

Mdogo wangu naye ile hela ya kikoba amefungulia akaunti ya CDS. Kaweka oda ya NMB, bado haijapata muuzaji kwa bei aliyoitaja na ananipigia kila jioni kuuliza apandishe, namwambia asubiri kwanza taarifa ya robo mwaka itoke tuisome pamoja.