Mradi wa maji Lamu: skripti tatu, faili moja la logi

Kipimo cha maji kimestahimili bamvua bila shida, kwa hiyo awamu hii nguvu zote zimekwenda kwenye uandishi wa logi, yaani kumbukumbu za vipimo. Kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) hapa Langoni zinaendeshwa skripti tatu, yaani programu fupi: ya Python husoma kimo cha maji, ya awk hupokea kasi ya upepo, ya Bash hufuatilia betri ya sola. Zote lazima ziandike faili moja. Hapo silegezi, maana raha yote ya mradi huu ni kuona maji yakijaa, kusi ikizidi na betri ikishuka, mstari chini ya mstari, kwa saa yalivyotokea.

Shida ilikuwa mistari kukatana. Mstari wa upepo unaanza, kabla haujaisha kinaingia kimo cha maji, kisha nusu iliyobaki ya upepo inajitokeza chini. Namna ya kufungua faili ilikuwa sawa: skripti zote huongeza mwishoni (`>>` kwenye Bash na awk, `"a"` kwenye Python), na kwenye diski ya hapo hapo Linux, mfumo endeshi wa Pi, husogea hadi mwisho wa faili na kuandika kwa tendo moja, hivyo hakuna anayeandika juu ya mwenzake. Kilichokuwa kikikata mistari ni bafa. Awk hukusanya maandishi kwanza kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, mara nyingi baiti 4096, na ikijaa huyamwaga bila kujali mstari umeishia wapi. Dawa yake ni kumwaga kila mstari papo hapo: kwenye awk, `close()` baada ya kila mstari; kwenye Python, `flush=True` ndani ya `print`.

Betri ilitaka zaidi. Yenyewe huandika mistari kadhaa inayopaswa kukaa pamoja (volti, mkondo, joto), kila mmoja kwa tendo lake, kwa hiyo mgeni anaweza kupenya katikati. Hapo nimetumia `flock`, amri ya kufunga kufuli, juu ya faili dogo la pembeni. Kufuli hili ni la makubaliano tu: skripti isiyoliomba huandika kama kawaida, kwa hiyo zote tatu sasa huliomba kwanza. Kuna watakaosema bora hifadhidata. Mimi nataka faili ninaloweza kulisoma kwa `tail -f` (amri inayoonyesha mistari mipya inavyoingia) nikiwa kwenye simu, na kwa vipimo vya kila dakika kufuli linatosha kabisa.

Kinachofuata ni kipimo cha pili, upande wa Shela, chenye kompyuta yake. Faili sitaliweka kwenye NFS (njia ya kompyuta kadhaa kutumia faili moja kupitia mtandao), kwa sababu huko kuongeza mwishoni si tendo moja tena; kompyuta mbili zinaweza kuuona mwisho ule ule na kuandikiana juu. Shela itatuma mistari yake kwa syslog (huduma ya kutuma na kupokea logi) kupitia mtandao, na Pi ya Langoni ndiyo itakayoiandika.