Kozi ya korosho, somo moja moja

Kozi huria ya korosho ninayoiandalia wakulima wa Newala na Nachingwea niliianza na somo la ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, peke yake: kurasa nne, picha sita, sauti ya dakika 10 na maswali matano. Lilitoka mwezi wa tano, kabla mikorosho haijachanua. Somo la kupuliza salfa, dawa ya ubwiri, likitoka mwezi wa kumi halimsaidii mtu tena. Kupogolea na kuanika yalifuata baadaye, kila somo na msimu wake.

Sauti naihifadhi kwa kilobiti 32 kwa sekunde, chaneli moja. Dakika 10 zinakuwa kama megabaiti 2.4, zinapita WhatsApp bila kumaliza bando. Masomo yenyewe yako kwenye Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni. Programu ni ya bure, lakini nafasi ya seva hulipiwa, na fedha hiyo lazima itafutwe mapema.

Kinachoziua kozi za namna hii ni kuchakaa. Somo la kwanza nililitia majina ya viuatilifu na bei ya korosho ndani ya sauti. Bei hubadilika mnada kwa mnada, dawa nazo hubadilika, ikabidi kurekodi upya yote. Siku hizi mambo hayo yana ukurasa wake pembeni, tarehe imeandikwa juu, na sauti inasema tu "tazama ukurasa wa dawa". Dalili za ubwiri, ule unga mweupe kwenye maua na majani machanga, ni zilezile kila mwaka. Hizo zirekodiwe kwa utulivu.

Kila picha ina mstari wake kwenye jedwali: jina la faili, mpigaji, leseni, ilikotoka, tarehe. Isiyo na leseni siigusi, hata ikiwa nzuri vipi. Leseni za Creative Commons, zinazoruhusu watu kutumia kazi ya mwingine kwa masharti, zikiwa na ND (usibadilishe) hazikuruhusu kusambaza ulichokibadilisha, na kutafsiri kwa Kiswahili ni kubadilisha. Kazi za BY-SA (mtaje mwandishi, utoe kwa leseni ileile) na za BY-NC-SA (hivyohivyo, ila si kwa biashara) nazo huwezi kuziunganisha ukapata andiko moja jipya. Kazi yangu naitoa kwa BY, yaani kunitaja tu, afisa ugani wa Ruangwa aweke mifano ya kwao bila kuniomba ruhusa.

Tena natoa faili la ODT, linaloweza kuhaririwa, pamoja na PDF. Ukimpa mtu PDF tupu, kurekebisha neno moja kunamlazimu kuchapa ukurasa mzima, basi analiacha kosa lilivyo.

Mwezi wa tatu nabonyeza viungo vyote, kimoja kimoja. Kilichokufa nakiondoa siku hiyohiyo.