Siku moja maishani mwangu: nimehesabu ng'ombe wa kiongozi hadi usiku

Saa 11 alfajiri niko macho. Zamani saa hizi nilikuwa naandaa muhadhara wa falsafa ya maadili chuoni. Sasa nahakiki matamko ya mali katika Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Dodoma. Majirani wanaamini nakamata watu. Wala. Rushwa ni ya TAKUKURU. Mimi nalinganisha kilichoandikwa kwenye fomu na kilichopo.

Saa 2 ofisini, mafaili, gari. Saa 4 tuko barabarani.

Saa 6 mchana tumefika kwa kiongozi. Nyumba mbili na shamba vimechukua dakika 20, hati zote zipo. Wamebaki ng'ombe 38 walioandikwa kwenye fomu, nao wako malishoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Si wewe uliyekuwa unafundisha chuo kikuu? Umeacha wanafunzi uje kuhesabu mifugo yangu?"

Iliniuma. Nikamweleza taratibu kwamba Sheria Namba 13 ya 1995 inamtaka ataje mali zake, za mwenzi wake na za watoto wa chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Akaingia ndani.

Tukakaa chini ya mkwaju. Saa 8, saa 9. Maji ya chupa yakaisha. Nikawa nakumbuka somo nililolipenda kuliko yote, Azimio la Arusha la 1967, lililomkataza kiongozi hata kuwa na nyumba ya kupangisha. Sheria ya leo haimnyimi mali, inataka aiseme. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kwenda kuiona, hata kama ni kukaa juani siku nzima. Kazi hii naiheshimu.

Jua linazama ndipo tukasikia njuga. Nikasimama upande mmoja wa mlango wa zizi na kalamu, dereva upande wa pili na vijiwe, kila ng'ombe kijiwe kimoja. 61. Tukawatoa, tukahesabu upya. 61.

"Wengine ni wa shemeji yangu, nawafugia tu," mzee akasema.

Basi twende kwa shemeji. Sijui ilikuwa saa ngapi, giza limeshika, miguu imekufa ganzi. Shemeji akaja na tochi, akashika sikio la ng'ombe mmoja mmoja: la kushoto, limekatwa ncha. Tukapata 19. Wakabaki wanne.

Mzee akanyamaza kidogo. "Hao niandikie mimi. Ni mahari ya binti yangu, wameletwa mwezi uliopita."

Fomu aliijaza Desemba, kwa hiyo hakudanganya. Niliandika maelezo yote, akasoma kwa tochi mstari kwa mstari, akatia sahihi.

Mama mwenye nyumba akatuletea kibuyu cha maziwa. Koo limekauka, harufu yake naisikia. Nikamshika mkono, nikamwomba maji tu. Akanitazama sana, kisha akaenda mtungini.