Mbamba Bay hadi Matema kwa ubao wa tanga: maandalizi yalipofikia

Njia ya safari sasa imekamilika kwenye ramani. Nitaanzia Mbamba Bay na kumalizia Matema, umbali wa zaidi ya kilomita 200 kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, nikiwa nimesimama juu ya ubao wa tanga, yaani ubao wa kuteleza majini unaosukumwa na upepo kwa tanga lililofungwa juu yake, kwa heshima ya kaya za Itezi jijini Mbeya ambazo nyumba zao zilifunikwa na tope la Mlima Kawetere tarehe 14 Aprili 2024. Mvua za msimu ule zililowesha mteremko hadi udongo ukashindwa kujishikilia, na nyumba zipatazo 20 pamoja na shule zikafukiwa. Hakuna aliyepoteza maisha. Ninaamini ndiyo sababu habari yao iliisha mapema, kwa kuwa miezi michache tu kabla, Desemba 2023, maporomoko ya Mlima Hanang yalikuwa yameua watu zaidi ya 80 huko Katesh na taifa lilikuwa bado na majonzi. Hata hivyo, mtu aliyetoka salama akaacha nyuma nyumba, godoro, vyombo na vyeti vya watoto anastahili kukumbukwa angali hai, na safari hii naifanya kwa ajili yake.

Watu wengi wameniuliza kwa nini nisianzie Matema, ambako ni karibu na nyumbani. Upepo ndio ulioamua. Kuanzia takriban Mei hadi Agosti mwera huvuma kutoka kusini, na kwa kuwa ziwa limelala kusini hadi kaskazini kwa zaidi ya kilomita 500, anayekwenda kusini atalazimika kwenda bisha, yaani kwa mshazari huku na huku dhidi ya upepo, kila siku hadi mikono iishe nguvu. Nikitokea Mbamba Bay, mwera utanisukuma kuelekea nyumbani. Ugumu wake ni kwamba ubao huyumba sana upepo ukitoka nyuma moja kwa moja, kwa hiyo nitaupokea kwa pembeni kidogo na kugeuza tanga kila baada ya kipande, jambo linaloongeza umbali. Mawimbi nayo hukua kadiri yanavyosafiri, na yale yanayofika upande wa Kyela yamekwisha kutembea ziwa karibu lote.

Kazi iliyonichukua muda mrefu zaidi ni tanga lenyewe. Nilitaka kila kaya iliyokubali kushiriki itoe kipande cha kitambaa chake, lakini tanga la aina hii ni la plastiki angavu, na mstari wa matundu ya sindano hulidhoofisha likachanika kama risiti kwenye alama zake za kukatia. Fundi cherehani wa Soko la Mwanjelwa alilipapasa kwa vidole kutoka juu hadi chini, kisha akanionyesha kwamba mfuko unaopitisha mlingoti umeshonwa kwa kitambaa kizito. Hapo ndipo tunaposhona vipande vyote, vikiwa vyembamba kama upana wa vidole viwili, kwa sababu kitambaa kikilowa huongeza uzito na kufanya tanga liwe gumu kuinua kutoka majini.

Mama mmoja wa Itezi alileta khanga yake, akaitandaza mezani na kushika pindo kwa mkono mmoja. "Hii ndiyo niliyotoka nayo siku ile, mwanangu. Kata kidogo tu, maana bado naivaa." Fundi alikata ukanda kwenye pembe, akapinda ukingo uliobaki na kuushona upya kabla ya kumrudishia. Ukanda ule upo sasa karibu na mahali ninaposhika, na hapo utakuwa mbele ya macho yangu njia nzima.

Kipande kinachonipa mawazo ni kile cha kutoka Lupingu hadi Matema, ambako Milima ya Livingstone inatumbukia ziwani na fukwe za kupumzikia ni chache. Sitakipita bila boti ya kunisindikiza. Nahodha wake ni mvuvi wa usipa wa Matema, mzee anayeifahamu pwani ile usiku na mchana, na amenipa sharti ambalo nimelikubali: "Mwera ukishaanza kupiga kabla ya jua kupanda, siku hiyo hatutoki." Amenionya pia nisikaribie mdomo wa Mto Ruhuhu, pale Manda, kwa sababu ya mamba.

Mazoezi yanaendelea vizuri Matema, na jaketi okozi pamoja na kamba za akiba viko tayari. Bado tunachangishana mafuta ya boti. Kabla ya safari yenyewe, mzee na mimi tutapita mwambao wote kwa boti, tukiandika kila ufukwe ambako ubao unaweza kupandishwa nchi kavu na kila kijiji kitakachokubali kutulaza, na orodha hiyo nitaipeleka Itezi ili familia zijue kila jioni tunalala wapi.