Kutoka Muheza hadi Hegongo kwa Miguu

Baba yangu ni Msambaa wa Bumbuli, na kwa upande wake nililelewa katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Mama yangu ni Mbondei wa Muheza, na kwao wamekuwa Waanglikana wa Magila tangu enzi za bibi yake. Mwanamume aliyenioa ni Mkatoliki wa hapa Tanga mjini, na watoto wetu watatu wamebatizwa katika kanisa la baba yao, kwa makubaliano tuliyoyafanya kabla ya ndoa na ambayo sijayajutia. Ninayaeleza haya mwanzoni kwa sababu umoja wa Wakristo kwangu si habari ya wakubwa wa makanisa na mikutano yao, bali ni habari ya Jumapili za nyumbani kwangu.

Ninapokwenda Misani pamoja nao, ukifika wakati wa Komunyo benchi letu lote husimama na kutoka, nami huvuta miguu pembeni ili wapite. Mwaka juzi mwanangu wa mwisho aliporudi kutoka kupokea Komunyo yake ya kwanza, akiwa na shati jeupe lililokuwa bado na mikunjo ya dukani, alipiga magoti karibu nami akaniuliza kwa kunong'ona kwa nini mimi sikwenda. Nilimwambia tutazungumza nyumbani. Nyumbani nilimweleza, kadiri nilivyoweza, kwamba Kanisa Katoliki huona kupokea Ekaristi pamoja kuwa ni alama ya umoja uliokwisha kutimia, na kwamba umoja huo baina yetu haujatimia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza utatimia lini.

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nilichonacho ni hija ya miguu ambayo baadhi yetu tumekuwa tukiifanya kila Januari. Kuanzia tarehe 18 hadi 25 ya mwezi huo, Wakristo wa madhehebu mengi duniani hushika Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, desturi iliyoanza mwaka 1908, na sisi hulifunga juma hilo kwa kutembea kutoka Muheza hadi Magila, mahali ambapo wenyeji hupaita pia Msalabani, kisha kupanda mpaka Hegongo. Mara ya mwisho tulikuwa kama watu arobaini. Hatuna katiba wala mwenyekiti. Tuna msalaba mmoja wa mbao, usio na sanamu wala mapambo, ambao watu hupokezana begani, na tuna mzee mmoja wa Kianglikana anayeijua kila njia ya mkato katikati ya michungwa.

Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la kaskazi halijakaza. Mwaka wa kwanza tulitumia jioni nzima kujadili nini kiimbwe njiani na nini kisisemwe: Wakatoliki walitamani rozari, Waanglikana wa Magila hawakuona shida nayo, na sisi Walutheri tulisita. Hatimaye tuliafikiana kwamba sehemu ya kwanza iwe ya zaburi, ya pili iwe ya nyimbo ambazo wote tunazijua, na ya mwisho, ile ya kupanda, iwe ya kimya, ili kila mtu asali moyoni kama alivyofundishwa. Kimya hicho tulikichagua kwa kuepuka mgongano. Sasa ndicho ambacho watu hukingojea, na sauti pekee inayosikika hapo ni ya viatu na ya pumzi za wazee.

Tulipofika juu mwaka ule tulisali Baba Yetu, tukiamini kwamba hiyo angalau haina ubishi. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Kisha Wakatoliki wakasema “ufalme wako ufike” na sisi tukasema “ufalme wako uje”. Wao wakasema “utakalo lifanyike” na sisi “mapenzi yako yatimizwe”. Wao wakaomba mkate wa kila siku na sisi riziki. Tulipofika mwisho wao walisema “utuopoe maovuni” na kuitikia Amina, na sisi tukabaki tukiendelea peke yetu na ule ufalme, nguvu na utukufu, maneno ambayo wao pia wanayajua, kwa maana katika Misa husemwa baadaye kidogo, padre akisha kuongeza sala yake. Nilikuwa nimeisikia sala hiyo ya Kikatoliki mara nyingi bila kuisikiliza. Siku ile neno “utuopoe” lilinishika. Sisi watu wa pwani tunajua maana ya kuopoa: ni kumtoa majini mtu ambaye hawezi tena kujitoa mwenyewe. Tangu hapo ninaposali kwa maneno ya kanisa langu, “utuokoe,” nasikia na lile la pili ndani yake.

Watu huniuliza kwa nini tunakwenda Hegongo, kwa kuwa mtu anayekumbukwa zaidi hapo hakuwa mtu wa kuridhia umoja wa haraka. Frank Weston alifika Zanzibar mwaka 1898 akiwa padre wa Misheni ya Vyuo Vikuu, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, akawa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908, na dayosisi yake ilivuka bahari hadi Bondei na Usambara. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti wa Afrika Mashariki, wakiwemo Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti, walikutana Kikuyu, nchini Kenya, kutafuta ushirikiano, na walimaliza kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la misheni ya Kiskoti. Habari zilipomfikia Weston, aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wameingia katika uzushi. Mabishano hayo yalitikisa kanisa la Anglikana lote, na jina la Kikuyu likajulikana Uingereza kwa sababu ya ibada moja.

Nikiwa Mlutheri, ningekuwa upande wa waliomega mkate Kikuyu. Hata hivyo nimekuja kumheshimu Weston kwa jambo ambalo watu wa umoja tunalikimbia mara nyingi: hakukubali kwamba meza ni jambo dogo. Mtu anayelia kwa kukosa chakula anakiheshimu kuliko anayesema chakula hakina maana. Tena hakubaki pale pale. Mwaka 1920, maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth na kutoa wito kwa Wakristo wote kuhusu kuungana, yeye alikuwa miongoni mwa waliouunga mkono. Mwaka huohuo alichapisha maandiko makali dhidi ya serikali ya nchi yake mwenyewe, akipinga Waafrika wa Kenya kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Na mwaka 1923, mbele ya maelfu ya Waanglikana jijini London waliokuwa wakifurahia ibada zao za fahari, aliwaambia kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu aliyemo tabenakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi kanisani, ikiwa hawamwonei huruma Yesu aliyemo katika vibanda vya maskini. Alifariki Hegongo tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo makanisa huwakumbuka marehemu wote. Hayo ndiyo tunayoyasoma kwa sauti tunapopumzika kileleni, ya kumpendeza Mlutheri na ya kumchoma pia.

Tanga ina sababu yake ya kuyasikia maneno hayo ya vibanda vya maskini. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893, na kwa miongo mingi ulivunwa na manamba, watu waliotolewa mbali na kuitwa kwa namba badala ya majina yao. Wajukuu wao ndio tunaokaa nao mabenchi ya makanisa yetu yote. Ndiyo maana hija yetu haikuweza kuishia kwenye sala.

Katika hija ya pili alikuwepo mama mmoja mjane, Mwanglikana, aliyetembea kimya hata wakati wa nyimbo. Tulipokuwa tukinywa maji alimweleza mwenzake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwamba shemeji zake wamemwondoa katika shamba la michungwa alilolilima na marehemu mumewe kwa zaidi ya miaka thelathini, wakidai kwamba kwa mila mwanamke harithi ardhi. Alifungua pindo la kanga akatoa hati ya mauziano, karatasi ya daftari la shule iliyoandikwa kwa penseli mwaka 1987, ikiwa na jina la mumewe, jina lake na majina ya mashahidi watatu. Maandishi yalikuwa yamefifia kwenye mikunjo, lakini jina lake lilisomeka. Miongoni mwetu alikuwepo Mlutheri mmoja aliyestaafu ukarani wa mahakama, na ndiye aliyetueleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Aliandika barua palepale, juu ya goti lake.

Tulimsindikiza mama yule katika Baraza la Kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha na si kutoa hukumu, na usuluhishi uliposhindikana tulimsindikiza katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tulikwenda kwa zamu, watano watano, tukakaa nyuma yake bila kusema neno. Nauli ilichangwa na makanisa matatu. Nimehudhuria ibada nyingi za pamoja zenye kwaya nzuri na hotuba za wageni waalikwa, lakini sijawahi kuuhisi umoja wa Wakristo kama nilivyouhisi kwenye benchi lile la ubao, nikiwa katikati ya mama wa rozari na mwinjilisti wa kwetu, sote tukiutazama mgongo wa mtu mmoja. Amerudishiwa shamba, isipokuwa kipande cha bondeni ambacho shauri lake bado linaendelea.

Kutokana na safari zile za barazani ndipo lilipozaliwa darasa letu la Biblia, linalokutana kila Alhamisi ya pili ya mwezi. Hapo nimejifunza kwamba hata Maandiko tunayoyaona kuwa yetu sote yaliwahi kututenganisha. Waanglikana wa Zanzibar walikuwa na tafsiri yao iliyoanzwa na Askofu Edward Steere kwa Kiunguja. Mombasa walikuwa na ya kwao kwa Kimvita. Na Karl Roehl, Mlutheri aliyefanya kazi Usambara, alitoa Biblia nzima mwaka 1937 akipunguza kwa makusudi maneno yenye asili ya Kiarabu. Biblia ya Union, ambayo wengi wetu tuna mistari yake vichwani, ilitoka mwaka 1952 baada ya wafasiri kukubali kuziacha lahaja zao zikutane. Baadaye ikaja Habari Njema, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti waliitayarisha pamoja. Jambo hilo hunipa moyo kuliko matamko mengi, kwa kuwa kufasiri ni kukaa meza moja kwa miaka na kukubaliana neno kwa neno.

Mwaka huohuo wa 1952, wajumbe wa makanisa waliokutana Lund, nchini Uswidi, waliuliza kama makanisa hayapaswi kutenda pamoja katika mambo yote, isipokuwa pale ambapo tofauti nzito za imani zinawalazimu kutenda peke yao. Nilipolisoma swali hilo niliona limegeuza desturi yetu juu chini, maana sisi huanza tukiwa mbalimbali na kuungana kwa nadra, kwenye misiba na sikukuu za taifa. Sidhani kwamba darasa la Alhamisi au benchi la barazani linaweza kuchukua nafasi ya Meza ya Bwana, na ninawasihi wenzangu wasiwaambie watu kama mimi kwamba linatosha. Halitoshi. Lakini nimeacha kungoja meza ndipo nianze kutembea.

Januari iliyopita mwanangu aliomba kuja nasi. Alibeba msalaba sehemu yake, pamoja na binti wa mchungaji wetu, na wakati wa kupanda alikaa kimya kuliko nilivyotarajia. Juu Hegongo tukasali Baba Yetu, kila mmoja kwa maneno yake kama kawaida, sauti zikiachana na kukutana tena. Yeye alisimama kati yangu na baba yake akisali ya Kikatoliki hadi “utuopoe maovuni,” akaitikia Amina pamoja na baba yake, kisha akageuka upande wangu, akaendelea nami mpaka mwisho.