Matofali mawili

Wiki imekwisha na neno la Shangazi bado halijaniondoka. Alhamisi mtoto wa marehemu kaka amefunga ndoa, Ijumaa tumemzika jirani yetu wa miaka thelathini, na jana fundi amemaliza kuezeka ule upande wa jikoni nilioulalamikia mwezi uliopita. Lakini kila nikishika kalamu, kinachonijia ni uani siku ya Jumatano, Shangazi akipepeta mchele wa shughuli na mimi nimezungukwa na wajukuu, nikiwasimulia Kariakoo ya miaka ya sitini kama nilivyowasimulia ninyi hapa mara nyingi kiasi cha kuwachosha.

Nilikuwa nimefika pale panaponoga. Ni Jumamosi jioni, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, na barazani wazee wamelizunguka gazeti la Ngurumo, mmoja akilighani shairi la siku hiyo na wengine wakimkatiza kila mizani inapopelea. Wapenzi wa Egyptian na wapenzi wa Al-Watan, klabu za taarab, wanarushiana vijembe juu ya klabu ipi ina mpiga fidla wa kweli, na upepo ukigeuka kutoka Mnazi Mmoja, magitaa ya bendi ya Western Jazz yanaingia mpaka chumbani. Hapo nikasema sentensi ambayo huwa naisema kila mara, kwamba sisi ndio tulioiona Kariakoo. Shangazi, bila kuinua macho kwenye ungo, akasema:

"Wewe baba, Kariakoo gani? Wewe uliichungulia tu."

Nikamwambia, "Shangazi, si nimezaliwa Mtaa wa Likoma?"

"Umezaliwa, sikatai. Lakini nilikuona kwa macho yangu haya, umepanda tofali."

Wajukuu walicheka hadi mmoja akapaliwa na maji, na yule wa kidato cha tatu, ambaye mnajua hana adabu ya kuacha jambo, alirudia "umepanda tofali" mpaka wakati wa chakula cha usiku. Nami nilicheka, kwa kuwa mtu mzima hana jingine la kufanya mbele ya watoto, lakini usiku wa jana nimekesha nikijiuliza kama alisema "uliichungulia" au "uliichungulia tu", kama kwamba kuondoa hilo "tu" kungenirudishia kitu.

Kwa ajili ya usahihi, yalikuwa matofali mawili. Niliyachukua kwenye kiwanja ambako nyumba ya udongo ilikuwa imebomolewa ili ijengwe ya saruji, nikayabeba moja moja hadi ukuta wa nyuma wa ukumbi wa Arnautoglu, palipopigwa dansi, kwa sababu madirisha ya ukumbi ule yalikuwa juu na senti za kiingilio sikuwa nazo, na hata kama ningekuwa nazo, mtoto wa miaka kumi na mitatu asingeruhusiwa kupita mlangoni. Dirisha langu lilikuwa na kioo kimoja kilichovunjika pembeni, tundu la ukubwa wa kiganja. Kupitia tundu hilo niliona mkono wa mpiga besi aliyefunga kidole gumba kwa kitambaa, niliona suti za rangi moja zikilowa jasho mgongoni, na niliona jinsi wacheza rumba wazuri walivyokuwa hawanyanyui miguu, wanaiburuza tu kama wanaofuta vumbi sakafuni. Kila nilichokuwa nikiwasimulia ninyi kuhusu dansi kilipita katika lile tundu, na labda ndiyo maana limenichoma. Soko lile la zamani lilipisha hili lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, nalo likaungua mwaka 2021; nyumba yetu ya vyumba sita imekuwa ghorofa la maduka ya simu; sasa nikiambiwa kwamba hata nilichobaki nacho kichwani nilikipata kwa kuchungulia, nimebaki na nini?

Alfajiri ya leo, nikiwa bado kitandani, nilistuka kwa swali ambalo lilipaswa kunijia Jumatano ileile: Shangazi alinionaje? Angekuwa nje angenishika sikio na kuniburuza hadi nyumbani. Uso ulioegemezwa kwenye tundu la kioo huonekana na mtu aliyeko ndani, na mwaka 1966 Shangazi, kwa kadiri Babu alivyojua, kila Jumamosi jioni alikuwa kwa jirani akijifunza kushona. (Wanaokumbuka kisa cha cherehani wataelewa sasa kwa nini ile kanzu aliyokuwa akiishona haikukamilika hata siku moja.) Nilicheka peke yangu gizani hadi mama watoto akaniuliza kama nimepandwa na homa. Alikuwa mle ndani, msichana wa miaka ishirini na mitatu, anaburuza miguu pamoja na wale wazuri, akauona uso wa mpwa wake dirishani, na kwa karibu miaka sitini hakumwambia mtu, kama ambavyo mimi nisingemwambia mtu laiti ningemtambua.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipokuwa nanywa chai. Kuna kuchungulia kwingine ambako sikupata kukuandika hapa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vitakuwa marufuku, lakini Kariakoo vijana hawakuisubiri Januari. Walianza kuwakimbiza wanawake mitaani mwezi uleule. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilisimama ukumbini mwa nyumba yetu, nyuma ya mlango uliofungwa komeo, jicho kwenye upenyo wa mbao, nikaona wigi limetupwa mtaroni, na bibi mmoja akivua khanga yake ya juu kumfunika binti asiyemjua. Baadhi ya waliokuwa wakikimbiza nilicheza nao chandimu siku iliyotangulia. Shangazi aliingia kwa mlango wa uani akiwa na kiatu kimoja. Tulitazamana, hakuniuliza kitu, akajifunga khanga akachukua ungo, nami nikarudisha jicho langu kwenye upenyo.

Kwa hiyo sasa sijui alisema kuchungulia kupi. Alitaja tofali, ndiyo, na huenda ni hilo tu, utani wa shangazi mbele ya watoto. Lakini alipolitaja hakucheka, wala hakuinua macho, na mchele ulikuwa umekwisha kuwa safi zamani. Alikuwa akiupepeta tena. Leo mchana nilimpigia simu nikiwa nimejipanga kumwuliza. Nilimwuliza kama miguu imepungua kuvimba, akasema afadhali, akaniuliza kama bati la jikoni limekaa sawa, tukaagana.

Bwana harusi naye ananitia wasiwasi. Aliondoka na mkewe kwa basi la jana alfajiri kwenda Songea, wakaahidi kupiga wakifika, na mpaka naandika haya, saa nne usiku wa Jumapili, simu zao zote mbili hazipatikani.